Siku Tulipoichemsha Bunduki ya Kijiji

Bunduki ya kijiji chetu ilikwaruzwa na ukoko wa wali. Watu wakisikia hivyo hucheka kabla sijamaliza kusema, nami huwaacha wacheke, maana hata sisi wenyewe tulicheka. Asiyecheka alikuwa mume wangu peke yake, kwa sababu bunduki ile alikabidhiwa yeye.

Ilikuwa shotigani ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati. Kijiji kilipewa tulipohamishiwa kwenye ujamaa, kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, kwa ajili ya nguruwe pori. Sijui nani alichagua mahali pale, lakini nguruwe walikubaliana naye kabisa. Zamani kila mtu alikuwa na kishamba chake huku na kule, nguruwe akitaka kula ilibidi atembee. Sasa tukamlimia shamba moja la kijiji, kubwa, mahindi yamesimama mistari kama wanafunzi wa gwaride, tena kwenye ukingo wa pori. Nguruwe walituona watu wenye akili sana.

Majina ya watu wote nitakaowasema hapa ninayo, na ya baba zao ninayo, hata mbwa wa mwenyekiti nalikumbuka jina lake. Lakini wajukuu zao ndio ninaosalimiana nao gengeni kila asubuhi, kwa hiyo majina nayabakiza mdomoni.

Mume wangu alikuwa mtu mpole. Mikutanoni alikuwa akinyoosha mkono, mwenyekiti anadhani anajikuna kwapa. Basi yule mzee mwindaji aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa shamba alipozidiwa na miguu, bunduki ikahamia kwa mume wangu, kwa sababu yeye hakuwa mlevi na hakuwa na maneno. Hee! Mambo yakageuka. Watu wakaanza kumwita mzee kabla hajaota mvi hata moja. Mwenyekiti naye kwenye mkutano akawa anasema, "Na wewe mlinzi unaonaje?" Anamwuliza hata habari za choo cha shule. Mume wangu hakuwa na la kusema juu ya choo, lakini alikohoa vizuri, na watu wakatikisa vichwa kwamba amesema. Akaanza kutembea mgongo umenyooka. Mimi mkewe nilipenda ule mgongo.

Ila bunduki ilikuwa moja na vijiji viwili. Kijiji cha ng'ambo ya mto nacho kilikuwa na nguruwe wake, na mlinzi wake aliyekuwa akiililia bunduki yetu kila siku. Bwana Nyama, yule kijana wa wanyamapori aliyekuwa akitoka Mikumi na gari kukagua, alikuwa ameshatangaza mbele ya watu wote: "Anayeitunza ndiye atakayekaa nayo. Siku nikiikuta na kutu au mkwaruzo, inavuka mto." Mume wangu akawa anaifuta kuliko anavyonawa uso.

Basi yule mzee mwindaji akafariki. Tukaenda msibani, mume wangu na bunduki begani, maana hakuthubutu kuiacha nyumbani hata kwa dakika moja. Risasi alizifunga kwenye kitambaa, akazitia mfuko wa ndani.

Sasa, sisi watu wa tambarare tuna watani wetu watu wa milimani. Msibani mtani ana ruhusa yake. Atavaa nguo za marehemu, ataigiza alivyokuwa akitembea na kukoroma, atachukua atakacho, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, kosa ni lako, unatoa kuku. Na katika watani wote wa eneo lile, kuanzia Chanzuru mpaka kwetu, hakuna aliyemfikia mama mmoja wa milimani, mnene, mnusa ugoro, Jumapili yuko kanisani anaimba sauti ya kwanza na siku zilizobaki yuko kwake anapika pombe.

Tumeshazika, tunagawa chakula, huyo akatokea amevaa koti la marehemu. Koti halifungi kifuani. Akamwona mume wangu anapokea sahani, bunduki ameiegemeza ukutani. Akaichukua.

Akaanza kunyata. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kunyata hata akienda msalani, na yule mama alimpata barabara, mpaka ile namna ya kusimama na kuvuta suruali. Akamnyatia mwenyekiti. Akalenga. Akasinzia akiwa amelenga, akakoroma. Watu hoi. Mjane mwenyewe amejifunika kanga usoni, mabega yanacheza.

"Marehemu alipenda nini?" akauliza.

"Ukoko!" watu wakaitika. Na ni kweli. Kwenye kila harusi yule mzee alikuwa akiyazunguka masufuria nyuma ya nyumba, wali wenyewe hana habari nao.

"Basi apewe ukoko wake."

Akauzamisha mtutu kwenye sufuria kubwa la msiba, lile la wali wa watu wote, akaanza kukwangua. Kwaruu! Kwaruu! Kwa nguvu zake zote zile za kukorogea pombe. Ukoko ukatoka mabamba mabamba. Akawa anapita nao kwenye ncha ya mtutu, anawalisha wafiwa, "Haya, fungua mdomo, marehemu anakulisha."

Mume wangu amesimama, sahani mkono mmoja, mkono wa pili uko hewani kama mtu anayesimamisha basi.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "bunduki hiyo ni ya serikali."

"Basi mwambie serikali aje, ukoko bado upo."

Na yeye akalishwa. Akatafuna. Angefanya nini?

Tuliporudi nyumbani akaufuta mtutu, akautazama kwenye jua. Kuanzia mdomoni mpaka katikati ulikuwa na michirizi myeupe juu ya ule weusi, mirefu kwa mifupi, kama paka aliyekuwa na ugomvi nao. Haikuwa na ubaya wowote wa kazi. Nguruwe angekufa vilevile. Lakini Bwana Nyama hakuwa akiwauliza nguruwe.

"Inavuka mto," mume wangu akasema. Mgongo nikauona unapinda palepale.

Akaenda kwa mwalimu kuazima rangi nyeusi ya viatu. Akaipaka, akaisugua na kitambaa, mtutu ukang'aa, tukapongezana. Ijumaa akavaa kanzu nyeupe, akaenda msikitini, bunduki begani. Kulikuwa na joto lile letu la Kilosa. Rangi ikayeyuka. Alipoingia kwenye safu alikuwa na mstari mweusi kutoka begani mpaka nyuma ya sikio, na waliosimama nyuma yake waliniambia baadaye kwamba siku ile swala iliwawia nzito. Shehe akamwita pembeni akamwuliza kama amepigwa na mtu nyumbani.

"Hapana, shehe. Ni bunduki."

"Umepigwa na bunduki?"

Aliporudi nikamwambia niachie mimi. Mwanamke wa tambarare anajua kutia kitu weusi. Nilichukua masizi ya chungu, nikasaga na wanja wangu wa manga, nikatia mafuta ya nyonyo, nikaupaka mtutu taratibu kwa kijiti, mchirizi mmoja baada ya mwingine, kama ninamtengeneza bibi harusi. Na ulipendeza! Mume wangu akaugeuza huku na huku.

"Mama watoto," akasema, "naona kama inanirembulia."

"Si uzuri huo?"

"Bunduki inatakiwa itishe."

Jioni akaenda nayo shambani, mvua ya rasharasha ikamkuta. Wanja wote ukashuka kwa machozi meusi mpaka kwenye vidole vyake. Nguruwe walikula mahindi siku ile wakimtazama. Na habari ilikuwa imeshafika kutoka kwa mwenyekiti: Bwana Nyama anakuja wiki ile, na atakuja na yule mlinzi wa ng'ambo ndani ya gari.

Kesho yake asubuhi mtani akaja. Hakubisha hodi, watani hawabishi. Amebeba ndimu kwenye upindo wa kanga.

"Nasikia mtumishi wa serikali analia."

"Hajalia," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Basi anacheka kwa macho? Lete hiyo bunduki. Aliyekula ukoko ndiye anayeosha sufuria, mimi nimeikwaruza, mimi nitaisafisha. Sinia langu la shaba lilikuwa jeusi kama moyo wenu, nimelisugua kwa ndimu na chumvi, sasa najitazamia meno."

Mume wangu akasema, "Lakini mtani, sisi tunataka nyeusi."

"Wewe unajua unachotaka? Kitu husafishwa kwanza. Ukishaona pa kuanzia, ndipo utachagua rangi."

Hapo ndipo palikuwa na kosa, na sisi wote watatu tuliliona kama akili. Shaba na chuma kwetu vilikuwa vyombo tu, chombo husuguliwa ndimu. Mume wangu akaikunja bunduki, akachomoa mtutu, mti wake, ule wa kuegemeza begani, akauweka kitandani, akaufunika shuka. Mtani akaupokea mtutu, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akasugua ndimu na chumvi pale palipokwaruzwa, kuanzia mdomoni kuja katikati. Alipofika katikati ndimu zikamwishia. Akatema mate pembeni, akauanika mtutu juu ya kichanja cha vyombo, kati ya vikombe na mwiko. "Usiuguse," akasema. "Dawa inataka kukaa."

Ikakaa. Umande ukaja, ukasaidiana na chumvi.

Asubuhi mume wangu alitoka kwenda kunawa, nikasikia kata ya maji inaanguka. Nikatoka. Nusu ya mtutu ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya kusema labda ni jua linanidanganya, la, nyekundu ya tofali, kutu imevimba kama ukurutu.

Tukampelekea mwenyewe. Alikuwa kwake anakoka moto wa pombe, pipa lake lile lililopasuliwa kwa urefu likiwa juu ya mawe, maji yanaanza kuchemka. Akautazama mtutu. Akanusa ugoro. Akapiga chafya.

"Mtani," mume wangu akasema, "ulisema anayekwaruza ndiye anayesafisha. Na anayetia kutu anafanyaje?"

"Anafikiri."

"Fikiri haraka. Gari linakuja."

"Nguo ikikataa sabuni mnaifanyaje huko kwenu, mnaivaa hivyohivyo?"

"Tunaichemsha," nikasema mimi.

Tukatazamana. Tukalitazama pipa. Hakuna sufuria duniani ambalo lingeweza kuulaza mtutu ule, lakini pipa lile ungemlaza hata mwenyekiti. Mume wangu alitaka kusema kitu, akakohoa tu, na kabla kikohozi hakijamalizika mtutu ulikuwa umeshazama.

Tukaichemsha bunduki. Watu wakipita wanauliza, "Mnapika nini?" Mtani anajibu, "Bunduki. Subirini, haijaiva." Wanacheka wanaendelea na safari. Walevi walikuja na vibuyu vyao, wakachungulia, wakaona chuma kinaogelea, mmoja akaapa palepale kuacha pombe, na aliacha kweli mpaka mavuno. Mtani alikuwa akiugeuza kwa mwiko mkubwa, mara anatoboa kwa kijiti kama muhogo. "Huku ni laini," anasema. "Huku bado." Mume wangu hakutazama. Alilipa pipa mgongo, anavuta uradi.

Tulipoutoa kwa vitambaa, moshi unafuka, tukautazama, hatukuamini. Ile kutu nyekundu yote ilikuwa imegeuka nyeusi! Nyeusi tii, weusi wa ndani, kama nyuma ya chungu. Tukasugua kwa kitambaa kikavu, unga kidogo ukatoka, chini yake weusi umebaki palepale na michirizi hutaiona hata ukiambiwa ilipo. Nikapaka mafuta ya nyonyo. Mume wangu akapitisha kidole, akakitazama kidole. Kisafi.

"Mmeona?" mtani akasema, mtu aliyekuwa ameduwaa kuliko sisi. "Mimi si nilijua."

Shida ilikuwa moja. Ndimu zilimwishia katikati, unakumbuka. Nusu ya mbele ilikuwa nyeusi kama usiku, nusu ya nyuma, ambayo haikupakwa, ilikuwa na ule ukijivu wake wa kuchakaa. Bunduki imevaa soksi. Na kabla hatujaamua tufanye nini, tukaona vumbi la gari linakuja.

Mume wangu akaunganisha mtutu na mti wake. Kijiji kizima kikajaa uwanjani kwa mtani, maana ndiko bunduki ilikokuwa. Bwana Nyama akashuka. Mlinzi wa ng'ambo akashuka nyuma yake na gunia jipya limekunjwa kwapani. La kuifungia.

"Shikamoo, mzee," Bwana Nyama akamwambia mume wangu, maana alikuwa kijana mwenye adabu hata akija kukunyang'anya.

"Marahaba," mume wangu akajibu, lakini ilitoka vipande.

Akaipokea. Akaikunja, akachungulia ndani ya mtutu. Kisha akanusa. Akanusa tena.

"Mzee, bunduki hii inanuka pombe."

"Mimi sinywi, mwanangu. Watu wote wanajua."

"Nimeuliza bunduki."

Watu wakaanza kukohoa. Yeye hakucheka. Akatoa leso nyeupe mfukoni, akaisugua kwa nguvu juu ya ule weusi wa mbele, pale hasa palipokuwa na michirizi. Nikafumba macho. Nilikuwa nimeshaiona ile kanzu ya Ijumaa, najua kitambaa cheupe kinavyosema ukweli. Nilipofumbua, ameishika leso mbele ya uso wake. Ilikuwa nyeupe kama alivyoitoa.

"Huku mbele ni mpya," akasema. "Huku nyuma imechakaa. Mzee, kwa nini umetunza nusu?"

Mume wangu akakohoa. Mlinzi wa ng'ambo akaanza kulikunjua gunia.

"Ndimu zilikwisha," mtani akasema kutoka nyuma ya pipa.

Bwana Nyama akageuka. "Ndimu gani, mama?"

Hapo ikabidi tumwambie. Ndimu, chumvi, kichanja, kutu, pipa. Ukoko hatukuutaja, marehemu apumzike. Kadiri tulivyoeleza ndivyo nilivyoona tunaizika wenyewe ile bunduki, maana ukilisema jambo kama lile kwa sauti, mbele ya mtu mwenye viatu, unasikia lilivyo. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye gari. Mwenyekiti akaninong'oneza, "Anafuata pingu."

Akarudi na bunduki yake mwenyewe. Shotigani kama ya kwetu, nzuri kuliko ya kwetu, ila ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mrefu mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ilidondoka," akasema, sasa anazungumza chini chini, ile sauti ya mume wangu ya kwenye mikutano. "Nikairudishia gari nyuma. Mkubwa wangu Mikumi hajaiona. Nimepaka rangi ya viatu."

"Inayeyuka," mume wangu akasema.

"Inayeyuka, mzee. Na shati langu la kazi ni hili moja." Akageuka, tukaona mstari begani.

"Na wanja?" nikamwuliza.

"Wanja sijajaribu, mama."

"Usijaribu," mume wangu akasema. "Inarembua."

Basi akamwuliza mume wangu, si mtani, wala mwenyekiti, kazi ile inachukua muda gani. Na mume wangu, bila kukohoa, akamwambia kutu haiharakishwi, aache mtutu hapa, auchukue akija tena. Yule kijana akaikunja bunduki yake, akachomoa mtutu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akabaki na mti mtupu, akaubeba begani hivyohivyo, akasema simba akiuona mti hawezi kujua kwamba mtutu umebaki Kilosa.

Mlinzi wa ng'ambo amesimama na gunia wazi. "Na yetu je, Bwana Nyama? Si ulisema leo inavuka?"

"Ninyi kule mna ndimu?"

Yule bwana akafikiri. "Ndimu hatuna. Tuna machungwa."

"Basi subirini mpaka muwe nazo." Kisha akamgeukia mume wangu. "Mzee, ya kwako ibaki kwako. Lakini nikirudi niikute nyeusi mpaka nyuma. Bunduki ya serikali haivai nusu."

Gari likaondoka, mti wa bunduki unachungulia dirishani. Mlinzi wa ng'ambo alikataa lifti, akashuka mtoni kwa miguu, gunia amejifunika kichwani kwa ajili ya jua.

Mtani akasema haya, nani anakwenda kuchuma, maana mndimu mzuri ulikuwa mmoja tu, wa pale karibu na msikiti, una miiba kama kucha za shetani. Mume wangu akanipa mitutu yote miwili niishike. Akakunja kanzu, akapanda mwenyewe mbele ya watu wote, shehe akitazama. Ndimu zikaanza kutudondokea vichwani.

"Shuka sasa, mtani!" yule mama akapiga kelele akiokota. "Mitutu miwili haihitaji mti mzima! Utavunjika, nani atakuzika, mimi nimechoka kuigiza!"

Na kutoka juu kule, katikati ya majani, nikamsikia mume wangu akimjibu mtani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa sauti iliyofika barabarani:

"Nyamaza wewe, mnusa ugoro! Tandaza kanga, mwenye bunduki anachuma!"